Chupa ya Shangazi Kabatini

Shangazi yangu hajawahi kuonja pombe hata kwa ncha ya kidole, lakini kwa miaka kadhaa alikuwa na chupa ya pombe kali kazini kwake. Ilikaa ndani ya kabati la dawa la wodi ya wanaume, nyuma ya maboksi ya pamba, haijafunguliwa, lakiri yake ya karatasi bado imeshika shingoni. Ufunguo wa kabati ulikaa kwenye mfuko wa kulia wa sare yake. Hakumwachia mtu.

Wenzake walikuwa wameshaiona, na maneno hayakosi watu. Wengine walisema sista mkuu anapiga funda moja moja akisingizia kwenda kunawa mikono. Mfagiaji aliapa kwamba alimnusa. Ndivyo walivyo, mwanamke akikosa mume watamtafutia chupa. Shangazi aliwasikia na akajifanya hamnazo, kwa sababu yeye ana uwezo wa kumeza neno likakaa tumboni mpaka likaota mizizi. Mimi ni mtoto wa mdogo wake wa kiume. Chupa ile ilinunuliwa kwa ajili ya baba yangu, ila ilinunuliwa akiwa ameshapofuka.

Baba alikuwa mwandika mabango. Mtaani kwetu ukiona bango lenye herufi nene zenye kivuli cha njano kwa chini, ujue ni mkono wake. Kinyozi, fundi viatu, duka la dawa, wote aliwaandikia yeye. Rangi na vile vimiminika vya kuoshea brashi vilikuwa vimemuua pua tangu ujana. Mama angeweza kuunguza chakula mpaka majirani wakachungulia, na Baba akauliza kama kimeshaiva. Tulimcheka sana kwa hilo.

Bango alilolipenda kuliko yote lilikuwa la baa moja ndogo nyuma ya gereji: SAFI KAMA MAJI. Mwenye baa alilipenda pia, na jina likamganda, akawa Bwana Safi. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na sauti ya upole, na hakuwa mnywaji. Wateja wakimtania kwamba hanywi mali yake, alijibu, "Muuza sumu ya panya mliwahi kumwona anaionja?" Wakacheka wote, na Baba akiwa wa kwanza.

Alichokuwa akifanya Bwana Safi tulikuja kukijua baadaye. Pombe yake ikiwa haina nguvu aliiongezea spiriti ya viwandani, ile wanayotumia mafundi wa vanishi, inayouzwa kwa mapipa. Mara nyingi aliweka kidogo na watu wakaondoka na kichwa kinachogonga tu. Siku moja aliweka nyingi. Wateja waliinusa, wakaweka glasi chini, wakasema leo mzigo wako una harufu. Baba akawaambia yeye kila kitu duniani kinamnukia hivyo, akavuta glasi zao akazimaliza. Alikuwa akiosha brashi na kitu kile kile kila jioni na pua yake haikumwambia chochote.

Alilala pale pale, kwenye mkeka nyuma ya kaunta. Mama akaenda na mkokoteni wa jirani kumchukua. Bwana Safi akamzuia mlangoni kwa sauti yake ile ya upole: "Amelewa tu shemeji. Mwacheni alale. Akiamka atakuja mwenyewe." Mama akarudi, maana si mara ya kwanza Baba kulala huko, na nani angemshuku mtu anayekuita shemeji. Jirani wa gereji alimwona Bwana Safi jioni ile ile akimwaga pipa zima kwenye mtaro. Bwana Safi alijua. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kabla sijaendelea.

Kesho yake Baba aliamka akatujia kwa kupapasa ukuta. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Mbona mmewasha moshi humu ndani?" Hapakuwa na moshi. Mpaka tunamfikisha hospitali kwa dada yake, moshi ulikuwa umekuwa ukuta, na ukuta huo haujaondoka mpaka leo.

Daktari wa wakati ule, mzee mmoja mpole ambaye sasa amestaafu, alimkalisha Shangazi akamweleza, na Shangazi akatueleza sisi. Amekuwa akieleza tangu siku hiyo, kwa yeyote atakayesimama karibu. Pombe ikiingia mwilini inapita kwenye tumbo na utumbo, inaingia kwenye damu, na damu inaipeleka kwenye ini. Kwenye ini yupo fundi mmoja ambaye kazi yake ni kubomoa tu. Anaibomoa pombe, na kinachotoka kwanza ni kitu kibaya, ndicho kinachompasua mlevi kichwa asubuhi na kumtapisha. Fundi wa pili anakipokea kitu hicho anakigeuza kuwa kitu cha jamii ya siki, na siki hiyo mwili unaimaliza, inakuwa maji na hewa tunayoitoa tukipumua. Wala fundi hana haraka. Mpe mlevi kahawa nyeusi, mwogeshe maji baridi, mtembeze uwanja mzima, fundi anabomoa kwa mwendo wake ule ule.

"Sasa ile spiriti," Shangazi husema, na hapa sauti yake hubadilika, "ikiwa nzima haina makali. Makali yanatoka kwa fundi. Haulizi kaletewa nini. Anabomoa, na vipande vyake ni asidi, ile ya sisimizi akikuuma. Na asidi hiyo inapenda mshipa wa jicho."

Tena fundi huyo ana upendeleo. Ukimwekea pombe ya kweli na spiriti kwa pamoja, anashika pombe ya kweli kwanza. Akiwa anashughulika nayo, spiriti inabaki nzima, inatoka taratibu kwa mkojo na kwa pumzi, na madaktari wanapata nafasi ya kuisafisha damu. Ndiyo maana hospitali ikikosa dawa yenyewe, pombe kali ya dukani ni dawa. Na ndiyo maana mmoja wa wale wateja, aliyekuwa ameshakunywa glasi mbili siku ile kabla ya kuinusa, kisha akahamia baa nyingine kunywa bia mpaka akatambaa, macho yake ni mazima hadi leo. Aliyeendelea kulewa alipona. Aliyelazwa kwenye mkeka, fundi wake alipata usiku mzima wa kufanya kazi bila kusumbuliwa.

Shangazi alipolielewa hilo alienda dukani na sare yake mwilini akanunua chupa. Muuza duka alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Aliiweka kabatini, akafunga.

Tulishtaki, bila shaka. Bwana Safi aliitwa, akaulizwa, akarudi akipiga mluzi. Pipa lilikuwa limeshamwagwa na mtaro hautoi ushahidi. Baada ya hapo akaja nyumbani kutupa pole, shati limepigwa pasi, akakaa mbele ya Baba na kusema, "Ndugu yangu, pombe ndivyo ilivyo. Kila mtu na ini lake." Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akilimeza neno lake zima zima.

Kisasi chake kilianza kwa maneno matamu. Kila mgonjwa aliyetoka wodini kwake akiwa mnywaji, alimshika mkono akamwambia, "Kunywa sikukatazi, we mtu mzima. Ila mwambie muuzaji anywe kwanza. Glasi nzima, mbele ya macho yako, kutoka pipa lile lile." Wagonjwa wakawaambia wenzao. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa na utaratibu huo, na hata leo wapo wanaodhani uliletwa na serikali.

Mimi nilimuuliza siku moja tukianua nguo, kwa nini anajisumbua kuwalinda walevi. Akaniambia, "Siwalindi. Ipo siku atachanganya vibaya tena. Na siku hiyo atakuwa ameinywa yeye."

"Na akiletwa wodini kwako? Chupa utampa?"

"Nitampa," alisema, akikunja shuka pembe kwa pembe. "Lakini ataniomba. Na kabla hajaipata atasema alichomfanyia mdogo wangu, na watu watasikia."

Hakuna kingine alichotaka duniani. Nami nilikuwa upande wake na bado nipo.

Tatizo ni kwamba Bwana Safi hakuwa mjinga. Wateja walipoanza kugoma mpaka anywe, alitabasamu, akamleta mdogo wake. Kijana wa watu alikuwa fundi baiskeli asiyekuwa na kazi nyingi, mcheshi, na asiyejua kusema hapana kwa kaka yake. Akawekwa kwenye kiti kando ya kaunta. Pipa likifunguliwa anainua glasi, anainywa, anafuta midomo, na wateja wanapiga makofi. Wakamwita Mwonjaji. Shangazi aliposikia akasema, "Amemweka ndugu yake mbele." Hakuubadilisha ushauri wake. Hilo nalo nililiona.

Siku yenyewe nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimempelekea Shangazi chakula cha mchana. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua bakuli. Tukasikia viatu vinaburuzwa kwenye korido, wakaingia wateja wawili wamemshika Mwonjaji makwapani, na nyuma yao Bwana Safi, shati limetoka kwenye suruali. Sikuwahi kumwona hivyo. Mwonjaji alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima. Wakamweka kitandani, akageuza uso kulia na kushoto, kisha akauliza kwa utulivu kabisa:

"Mbona mmewasha moshi humu?"

Shangazi aliweka kifuniko juu ya bakuli taratibu.

Daktari alikuwa kijana, mgeni pale, mwepesi. Alimpima, akamnusa, akauliza amekunywa nini na tangu lini. Jana mchana, walisema, glasi nzima ya pipa jipya; wao walipoinusa hawakuigusa. Akaagiza dripu ya kupunguza asidi kwenye damu na Shangazi akamtundikia pale pale. "Dawa yenyewe hatuna," daktari akasema. "Nakwenda kupiga simu wampokee kwenye mashine ya kusafisha damu. Sista, naomba itafutwe pombe kali, ya kweli, yenye lakiri. Nikirudi niikute imeanza." Akatoka akikimbia.

Chupa ilikuwa hatua chache tu kutoka tulipo. Mimi nililitazama kabati, kisha nikamtazama Shangazi. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, na hakuutoa.

"Umesikia daktari," alimwambia Bwana Safi. "Inatakiwa pombe. Wewe ndiye muuza pombe. Lete yako."

Wodi ilikuwa imejaa, na nusu ya wale wanaume walikuwa wateja wake. Walinyanyuka kwenye mito.

"Dada," Bwana Safi akaanza.

"Hapa naitwa Sista."

"Sista. Nimtume mtu dukani, akimbie..."

"Duka liko mbali. Kwako ni hapo nyuma ya gereji. Si ni safi kama maji? Bango linasema hivyo. Aliyeliandika namjua."

Alimtazama mdogo wake, akatazama sakafu. Wateja wake wawili walimkodolea macho.

"Yangu hapana," akasema.

"Hapana kwa nini?"

"Siiamini."

"Sema wasikie."

"Siiamini pombe yangu," alisema, na wodi nzima ikasikia. Mzee mmoja wa kitanda cha dirishani akaguna, "Mkuki kwa nguruwe."

Mimi nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi mpaka mikono ikapata baridi. Nilidhani imetosha. Mwonjaji alikuwa anapapasa hewa mbele ya uso wake kama anayetoa utando wa buibui, anasema kwa sauti ndogo, "Kaka, fungueni dirisha basi." Nikamwona Shangazi akimtazama. Kisha akamgeukia tena Bwana Safi, na mkono bado uko mfukoni.

"Mdogo wangu alilala kwenye mkeka wako. Ulimwambia mke wake nini?"

"Sista, nakuomba. Nakuomba kwa..."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba amelewa tu."

"Na ulijua?"

Akalia. Mtu mzima, mbele ya wateja wake. Nilikuwa nimekingojea kilio hicho kwa miaka na sikumwonea huruma hata chembe. "Nilijua," akasema. "Niliimwaga jioni. Nilijua ndiyo nikaimwaga. Niliogopa mkimpeleka hospitali wataniuliza."

"Haya," Shangazi akasema.

Akatoa ufunguo, akafungua kabati, akasogeza maboksi ya pamba. Chupa ilipotokea wodi nzima ilishusha pumzi, na mfagiaji aliyekuwa mlangoni na fagio lake akasema, "Nilisema mimi." Shangazi akaikata lakiri kwa mkasi wa bandeji. Akapima, akachanganya na maji ya sukari, akaingiza kwa mpira wa puani kwa ustadi ule ule ambao angeutumia kwa mtoto wake. Daktari aliporudi aliikuta imeanza. Akauliza ilipatikana wapi haraka hivyo, na Shangazi akamsomea kipimo alichompa.

Mwonjaji alilewa vizuri sana. Waliendelea kumlewesha, kipimo baada ya kipimo, huku wakimsafirisha kwenye mashine na hata huko. Wanasema aliimba njia nzima, akamposa muuguzi wa gari, akataka kujua ni nani anayelipia. Fundi wa ini lake alikuwa na kazi ya maana mikononi, na ile spiriti ikapita pembeni nzima nzima. Alipona. Jicho la kulia lilirudi lote. La kushoto linaona mwanga na giza, basi.

Mchuma janga hula na wa kwao. Baa ilikufa ndani ya wiki. Wale wanaume wa wodini walitoka mmoja mmoja, na kila mmoja aliondoka na yale maneno, *siiamini pombe yangu*, akayasambaza kama sabuni ya bure. Safari hii hata mashtaka yalishika, maana mashahidi walikuwa vitanda vizima. Siku Bwana Safi anachukuliwa, watu waling'oa bango wakamletea Baba. Akapitisha vidole juu ya herufi, akacheka, akasema rangi yake bado imeshika.

Jioni hiyo Shangazi alikaa naye barazani akamsimulia tena, neno kwa neno, na Baba akawa anamrudisha nyuma kama mtoto anayependa hadithi: sema pale alipolia. Sema pale alipoangalia sakafu. Ilikuwa furaha ya kweli, na asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina ladha. Kina ladha.

Kisha Baba akauliza, "Na kijana? Jicho la kushoto lilikwisha kabla hajafika kwako, au?"

"Daktari anasema hakuna anayeweza kujua."

"Ulikuwa na ufunguo wakati wote huo?"

"Nilikuwa nao."

Baba akapapasa kivuli cha herufi kwa kidole gumba. "Ungempa kwanza, dada. Maneno yangesubiri."

"Yasingesubiri," Shangazi akasema. "Nikishampa, yule mtu angefunga shati lake akaondoka. Unamjua."

"Namjua," Baba akasema. Hakuomba tena asimuliwe.

Mwonjaji amerudi kwenye baiskeli zake. Anasogeza uso karibu na mnyororo na kuuinamia upande, kama kuku anayetazama punje. Kila akipita kwetu huingia. "Shikamoo Sista," husema, huku amenyoosha mikono yote miwili. Anamwita mama yake wa pili. Anasimulia watu kwamba yule mama aliweka chupa miaka na miaka akimngojea yeye. Shangazi huitikia marahaba, akampa kiti, kisha huhamisha kigoda chake na kukaa upande wake wa kushoto, ule usioona. Siku alipomletea kitambaa cha gauni alikikataa, kwa ukali kiasi cha kumshangaza kijana wa watu.

Kazini amenunua chupa nyingine, yenye lakiri, ipo nyuma ya maboksi ya pamba. Nilikuwepo siku alipoiweka. Alifunga kabati, akamwita muuguzi mdogo wa zamu, binti aliyetoka chuoni juzi tu, akamfungulia kiganja na kuuweka ufunguo ndani yake.

"Kaa nao wewe," alimwambia. "Mimi hasira zangu hazijaisha."